Mazungumzo ya Mwezi: Mshauri wa Mali Siku Soko Linapotikisika

Mwezi huu tumependa kuzungumza na wasomaji wetu juu ya kazi ambayo baba zetu hawakuijua, nayo leo imeshikwa na vijana wengi, wanaume kwa wanawake: kazi ya kumshauri mtu juu ya fedha zake, aziweke wapi na kwa muda gani. Zamani mtu akijaaliwa fedha alinunua shamba la minazi, au nyumba ya kupangisha, au alimpa ndugu yake mtaji wa duka. Mali yake aliiona kwa macho. Bei ya nyumba haikubandikwa ukutani kila asubuhi ili mwenyewe ajue kwamba usiku alipolala amepungukiwa.

Hisa si hivyo. Tangu Soko la Hisa la Nairobi lilipoanzishwa mwaka 1954, na la Dar es Salaam lilipoanza biashara mwaka 1998, na khasa tangu ilipofunguliwa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama Mfuko wa Umoja wa Tanzania wa mwaka 2005, mwalimu mstaafu na mama muuza vitenge wamekuwa wenye hisa. Bei yao yatangazwa kila siku ya kazi. Siku ikipanda, mshauri ni mtu mwema na chai yake tayari. Siku ikishuka, hapo ndipo hujulikana kama baina yake na mteja palikuwa na maelewano au palikuwa na faida tu.

Twataka kusema na pande zote mbili, kijana aliyeishika kazi hii na nyumba inayomwita kwa ushauri. Tutaanza na jambo lililotokea hapa kwetu, maana la mbali halishiki moyo kama la karibu.

Mwaka 2008, mwezi wa Machi na Aprili, Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za kampuni ya Safaricom, yaani robo ya kampuni nzima, kwa shilingi 5 kila hisa. Kima cha chini cha kuomba kilikuwa hisa 2,000, basi mwenye shilingi 10,000 aliweza kuingia. Watu walipanga foleni kama wanaokwenda kupiga kura. Wengine waliuza ng'ombe, wengine walikopa benki. Walioomba wakazidi hisa zilizokuwapo mara nyingi, na mwombaji mdogo akapewa kama sehemu moja katika tano ya alichokiomba. Aliyekopa alikuta analipia mkopo mzima kwa ajili ya hisa chache, huku akingoja kurudishiwa zilizobaki.

Biashara ya hisa hizo ilianza tarehe 9 Juni 2008. Kwanza bei ilipanda ikapita shilingi 7, na furaha ikaenea. Kisha ikashuka. Mwezi wa Septemba benki ya Lehman Brothers ya Marekani ilianguka, wageni wakatoa fedha zao katika masoko ya dunia, na mapema mwaka 2009 hisa iliyonunuliwa kwa 5 ilikuwa haipati hata shilingi 3.

Sasa tazama yaliyofuata, ndugu msomaji. Aliyeuza kwa khofu alipoteza karibu nusu ya fedha zake. Aliyekaa nazo aliona zimerudi, zikapanda, hata mwaka 2021 hisa moja ikapita shilingi 40. Na mwaka 2023 ikashuka tena chini ya 15. Je, aliyeuza kwa 3 alikuwa mjinga? Hatusemi hivyo. Ikiwa fedha hizo zilikuwa za mkopo, na benki inadai kila mwisho wa mwezi, hakuwa na njia nyingine. Kosa lake halikuwa siku aliyouza. Kosa lilikuwa siku aliyonunua, alipokosa mtu wa kumwambia: "Mzee, fedha hizi si zako, ni za benki, nazo zina tarehe ya kurudi, hisa haina tarehe."

Hilo ndilo neno ambalo mshauri hulipwa kwa ajili yake, naye aghalabu hulimeza kwa sababu mteja amekuja na furaha na hataki kumvunja.

Katika mwaka huo huo kulikuwa na ugonjwa wa pili, na yatupasa tuutenganishe na ule wa kwanza. Mwezi wa Machi 2008 kampuni ya udalali wa hisa iliyoitwa Nyaga iliwekwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya, na wateja wake wakakaa muda mrefu wakifuatilia hisa na fedha zao. Fidia iliyolipwa baadaye haikuzidi shilingi 50,000 kwa kila mtu. Kushuka kwa bei ni jambo la soko, nalo huweza kugeuka. Kupotea kwa amana ni jambo jingine kabisa, wala halingojewi kwa subira. Walakini mteja aliye nyumbani, aliyesikia khabari zote mbili katika redio moja, atazijuaje tofauti zake? Kwake yeye fedha zimekwenda, basi.

Kwa hiyo kijana wetu, siku ya utulivu, kabla hakijatokea kitu, mketishe mteja wako umwonyeshe mali yake iko wapi. Kenya ina hazina kuu ya hisa tangu mwaka 2004, ambako kila mwenye hisa ana akaunti kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la dalali. Tanzania nayo ina hazina yake ya namna hiyo. Mfundishe kuuliza mwenyewe salio lake huko, bila ya kupitia kwako. Washauri wengine hawapendi jambo hili. Hudhani mteja akijua njia hatawahitaji tena. Sisi twaona kinyume chake. Mtu aliyehakikisha kwa macho yake kwamba hisa zake 3,000 zipo ni 3,000, atakuja kwako siku bei imeshuka akiwa na swali moja tu, nalo ni la bei. Asiyehakikisha atakuja na maswali mawili, na lile la pili hatalitamka.

Tumesikia wateja wengi wakilalamika, na lalamiko lao kubwa si hasara. Ni kimya. Mshauri aliyekuwa akipiga simu kila juma wakati wa kuuza, bei ziliposhuka simu yake ikawa haipokelewi. Huenda hakukimbia. Huenda na yeye alikuwa na khofu, akingoja apate khabari njema ndipo aseme. Lakini mteja hawezi kuiona nia. Yeye aona simu tu. Basi mshauri atangulie kusema kabla hajaulizwa, hata kama hana la kusema ila hili: "Bibi, umesikia khabari za soko. Mfuko wako uko hivi leo. Ada ya shule ya Januari haimo humo, tuliiweka pembeni. Juma lijalo nitakupigia tena." Maneno hayo hayana utabiri wala elimu kubwa, na yule mama atalala.

Utabiri ndio mtego wenyewe. Mtu mwenye wasiwasi humwomba mshauri wake amwambie lini bei itarudi, na mshauri, kwa huruma, humpa tarehe. Asimpe. Tuchukue mifano mitatu ya kweli. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea, kipimo cha S&P 500, ambacho hupima bei za makampuni makubwa ya Marekani, kilishuka 34 kwa mia baina ya tarehe 19 Februari na 23 Machi; na Nairobi, tarehe 13 Machi, siku alipotangazwa mgonjwa wa kwanza wa Kenya, biashara ya hisa ilisimamishwa kwa muda kwa kuwa bei zilishuka ghafula. Kile kipimo cha Marekani kilirudi mahali pake mwezi wa Agosti mwaka ule ule, jambo ambalo mwezi wa Machi lilionekana ni ndoto. Lakini kipimo hicho hicho kiliposhuka kuanzia Oktoba 2007, kilipoteza zaidi ya nusu, na hakikurudi mpaka mwaka 2013. Na huko Japani, kipimo cha Nikkei kilifika kileleni mwisho wa mwaka 1989, kikaanguka, na kileleni hapo hakikufika tena mpaka Februari 2024. Miezi sita, miaka mitano na ushei, miaka thelathini na minne. Ni nani aliyekuwa na haki ya kumpa mteja wake tarehe?

Basi hata lile neno linalopendwa na washauri wote, "Subiri, soko hurudi," si ushauri mpaka liambatane na swali: fedha hizi zatakiwa lini? Kijana wa miaka 25 anayejiwekea akiba ya uzee anaweza kuambiwa asubiri. Bwana aliyestaafu, anayeishi kwa kiinua mgongo chake na kukusudia kwenda Hija mwaka ujao, akiambiwa asubiri ameambiwa nini? Fedha za Hija ya mwakani, za mahari ya kijana, za paa la nyumba inayojengwa, za yatima anayekaribia kukabidhiwa mali yake, hazikuwa na kazi gani katika hisa tangu mwanzo. Mshauri aliyeziweka huko kwa sababu mwaka uliopita hisa zilipanda, hana neno zuri la kusema siku zinaposhuka. Maneno mazuri yote yalikuwa na nafasi yake kabla.

Ndiyo maana twasema kazi ya siku ya tufani hufanywa siku ya shwari. Wengine huwauliza wateja kama wanaweza "kustahimili hasara", na kila mtu hujibu kwamba aweza, kwani nani atajiita mwoga mbele ya mgeni? Swali hilo halifai. Na kutaja hesabu ya kwa mia pia hakusaidii sana, maana 30 kwa mia ni neno tu. Sema kwa shilingi: "Mama, umeweka laki kumi. Ukifungua karatasi ukaona zimebaki laki sita na nusu, utafanya nini asubuhi ile?" Umwache afikiri. Umweleze na hesabu ambayo wengi huikosea: laki kumi zikishuka zikawa laki tano, zimepungua 50 kwa mia, lakini ili zirudi kuwa laki kumi hapana budi zipande 100 kwa mia. Akisema kwamba ataziuza zote, amekwisha kukuambia jambo la maana, nawe umsikie. Umpunguzie hisa, umwongezee vitu vya utulivu, na faida ikiwa ndogo asikulaumu kwani ndiyo mliyoafikiana. Jibu lake liandikwe, litiwe tarehe, na nakala akae nayo yeye. Siku bei zinaposhuka karatasi ile huletwa mezani, na mteja hukuta maneno yake mwenyewe aliyoyasema akiwa na akili iliyotulia. Mashauri ya mtu mwingine hukataliwa kwa wepesi. Ni vigumu zaidi kumkataa nafsi yako ya mwaka jana.

Liko jambo moja ambalo washauri hawapendi kulizungumza, nasi tutalisema kwa ufupi. Mshauri hulipwa vipi? Dalali wa hisa hupata ujira wake mteja anaponunua na anapouza. Mteja akikaa na hisa zake miaka kumi, dalali hapati kitu. Kwa hiyo siku ya khofu, anaposhauriwa auze hiki anunue kile, mteja mwenye akili hujiuliza: huyu anajali mali yangu au ujira wake? Swali hilo si tusi. Uingereza, tangu mwisho wa mwaka 2012, washauri wamekatazwa kupokea kamisheni kutoka kwa makampuni ambayo wanawashauri watu wanunue bidhaa zao mpya za uwekezaji. Mteja humlipa mshauri wake mwenyewe, kwa kiwango kilichotajwa. Kwetu si lazima kungojea sheria. Mshauri na aseme siku ya kwanza: "Ukinunua hiki napata kiasi hiki, ukikaa nacho sipati kitu." Akishasema hivyo, neno lake la "usiuze" siku ya bei kushuka litakuwa na uzito ambao hakuna tangazo litakaloupata.

Tumesema juu ya mshauri ambaye hesabu zake zinashuka. Tuseme kidogo juu ya yule ambaye hesabu zake hazishuki kamwe, kwani huyo ndiye wa kuogopwa zaidi. Bernard Madoff wa New York aliwaandikia wateja wake faida ya wastani mwaka baada ya mwaka, soko lipande au lishuke. Wateja wake walimpenda, wakajiona wateule kwa kukubaliwa naye. Wengi wao walikuwa watu wa jamaa yake wenyewe, Mayahudi wa Marekani, pamoja na jumuiya zao za misaada. Mtu alimleta ndugu yake, na ndugu akamleta rafiki. Mwaka 2008 masoko yalipoanguka, watu wakataka fedha zao, na fedha hazikuwapo. Alikamatwa tarehe 11 Desemba 2008. Hesabu alizowaandikia wateja zilifika kiasi cha dola bilioni 65, na sehemu kubwa ilikuwa katika karatasi tu. Alihukumiwa miaka 150, akafia gerezani mwaka 2021.

Tumekitaja kisa hiki si kwa ajili ya Marekani. Kwetu nasi mtu huaminiwa kwa kuwa ni wa mtaa wetu, au amesali safu moja na mjomba, au ametia neno "halali" mbele ya jina la biashara yake. Hayo ni mazuri, lakini hayathibitishi kwamba fedha zipo. Mshauri mwaminifu wa jamaa zetu ndiye angekuwa wa kwanza kusema, "Amu, mimi ni mwanao, lakini hii hapa leseni yangu, na hii hapa anwani ya mamlaka iliyonipa; tafadhali uliza." Anayekasirika akiombwa karatasi ameshajibu.

Na kwa kuwa wasomaji wetu ni Waislamu, lipo swali ambalo mshauri ataulizwa na mara nyingi hana jibu lake: je, hisa hii yafaa? Hatuingii katika fatwa. Hiyo ni kazi ya maulamaa. Twataka kutaja jambo moja la hesabu linalotokea khasa wakati wa bei kushuka, nalo limewashtua wengi. Taasisi ya AAOIFI, yenye makao yake Bahrain, imeweka kipimo kwamba deni la riba la kampuni lisizidi 30 kwa mia ya thamani ya kampuni hiyo sokoni. Basi kampuni yenye deni la shilingi bilioni 25, ambayo hisa zake zote sokoni zina thamani ya bilioni 100, imo ndani ya kipimo. Bei ikishuka, thamani ikawa bilioni 70, deni lile lile limekuwa zaidi ya 35 kwa mia. Kampuni haikukopa hata senti moja zaidi, na imetoka katika kipimo. Vipo vipimo vingine vinavyotumia jumla ya mali ya kampuni badala ya bei ya soko, na hivyo havitikisiki kwa namna hiyo. Mteja aliyenunua kwa nia safi akisikia ghafula kwamba hisa yake imetolewa katika orodha, naye hajaelezwa, atadhani alidanganywa siku ile aliponunua. Mshauri amweleze mapema ni kipimo gani kinachotumika, na kwamba kikitikisika watamwendea mwanachuoni wanayemwamini pamoja, si mshauri kujitolea hukumu yake mwenyewe kwa sababu auza bidhaa.

Lililobaki ni la nyumbani. Katika nyumba nyingi baba ndiye amjuaye mshauri, na mama hajui hata jina la mfuko. Bei zikishuka baba hunyamaza, hukasirika bila ya sababu inayojulikana, na watoto hudhani wamekosa. Na akifa, basi mali yenyewe huweza kupotea. Kenya ilitunga sheria mwaka 2011 juu ya mali za fedha zisizodaiwa na wenyewe, ikaunda mamlaka ya kuzipokea: gawio, hisa, fedha za benki na za bima. Sehemu ya hizo ni za watu waliokufa ambao warithi wao hawakujua kwamba zipo. Mirathi yetu imegawanywa kwa sehemu zilizo wazi, lakini kadhi hawezi kugawa asichokijua.

Mshauri amwombe mteja wake ruhusa, alasiri moja aketi na mkewe na watoto waliokwisha kubaleghe. Haihitajiki kutaja kiasi, ikiwa baba hapendi. Yatosha kuandika katika ukurasa mmoja jina la kila mfuko na kila kampuni, namba ya akaunti, ofisi ya kuendea, na nani ameandikwa kuwa mwakilishi, na kuwaeleza mama na watoto kwamba mwakilishi huyo ni wa kupokea tu, si wa kurithi peke yake. Karatasi iwekwe pamoja na hati ya nyumba, na kila mwaka, mwezi wanaouchagua wenyewe, mshauri aje waipitie tena.